Ganzi ya Alhamisi

Ansab, Maskati
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mdogo wangu Rawya,

Assalamu alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na mwanao Jumana na nyumba nzima ya Malindi. Sisi huku wazima, ila joto la mwaka huu limekataa kuondoka. Septemba imeingia na bado ukigusa mlango wa gari mchana unaungua vidole. Mwanangu Humam anakusalimu. Wizarani wamempandisha cheo, wamempa ofisi yenye dirisha, na dirisha lenyewe linatazama barabara kuu ya Al Khuwair, basi kila jioni ananihadithia foleni kama vile mimi ndiye niliyeisababisha. Mkewe Bashayer anakusalimu pia. Binamu yetu Mahfoudh, ambaye ndiye anayekuletea barua hii, ametuletea tende kutoka Quriyat, nami nimekugaia fungu lako. Asikwambie zimepungua njiani. Akikwambia, mtazame mashavu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu zipo. Mdogo wangu, simu yako ni baraza. Ukiipokea unaiweka sauti juu, Jumana anajibu kabla yako, na jirani anauliza dhahabu Maskati inauzwaje. Na nililonalo mimi ni la aibu, nataka lisomwe na wewe peke yako. Cheka, kisha nisitiri.

Unajua Alhamisi Bashayer hapiki. Tunatoka, tunakula nje. Sasa hapa karibu na kwetu, chini ya ghorofa moja, baina ya dobi na kinyozi, pamefunguliwa mkahawa wa Wachina. Si wale Wachina wa wali wa kukaanga na supu ya mahindi. Hawa wanatoka Sichuan, na Bashayer anasema huko ndiko watu wanakotia pilipili kama sisi tunavyotia nazi. Nilitaka kugoma. Lakini nje wameandika halali kwa herufi kubwa kuliko jina lao wenyewe, na ndani mna vijumba vya familia vyenye mapazia kama mikahawa yetu mingine, basi nikakosa sababu.

Humam akaagiza samaki. Rawya, samaki kaja ndani ya karai! Mafuta mekundu yanachemka, na juu yake pilipili kavu zimetanda mpaka ukadhani pilipili ndiyo kitoweo na samaki ndiye kiungo. Humo ndani mna punje ndogo za rangi ya udongo, zimepasuka midomo. Mimi nikazitafuna. Kwani nani aliniambia nisizitafune?

Kwanza ulimi ukaanza kutetemeka. Kisha midomo ikaniondoka. Nikaigusa kwa kidole, sikuihisi. Unajua kilichonijia moyoni. Mama alikuwa anakula mkate wa kumimina, akasema, "Mdomo umenifa ganzi," na alasiri haijatoka hakuwa na kauli tena. Kiharusi hakikumpa hata nafasi ya kutuaga. Basi na mimi nikajiambia, siondoki hapa bila kuaga.

Nikapiga shahada kwa sauti. Nikamtaka radhi Bashayer kwa yote niliyoyasema kuhusu biriani yake, na mengine alikuwa hayajui. Nikausia vyombo vya shaba viende kwako. Nikamwambia Humam anielekeze kibla. Yeye kashika kichwa: "Mama, wallahi hakuna kitu, filfil tu hii, pilipili! Watu wanasikia."

"Wasikie," nikamwambia. "Ndio mashahidi."

Mara pazia likafunguka, akaingia mhudumu, msichana wa Kikenya, Beryl jina lake. Hakushtuka hata kidogo. Akaniwekea glasi ya mtindi mbele yangu akasema, "Mum, pole. Hauendi mahali popote leo. Hiyo ni pilipili ya hawa watu, inafanya mdomo inakufa kidogo tu, halafu inarudi. Kunywa hii pole pole."

Na kweli ikarudi. Nimebaki mzima, na wasia wangu umesikika mpaka vijumba vya jirani. Humam kacheka njia nzima, kisha akaniuliza kama niliyoyasema ya biriani ni kweli.

Nijibu upesi. Nakupenda.

Dada yako,
Masouda


Malindi, Unguja
28 Septemba 2025

Dada yangu mpenzi,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Barua yako na tende zimefika, ahsante. Hazikupungua, au Mahfoudh ana aibu siku hizi. Sisi hatujambo. Jumana yuko na skuli yake, anasomesha watoto sabini darasa moja, anarudi hana sauti. Mvua za vuli hazijaanza lakini paa limeshaanza kuvuja kwa kuzikumbuka.

Nimesoma habari ya Wachina nikacheka. Kisha nimeisoma tena nikaacha kucheka. Wewe ulinitaka nikusitiri, nimekusitiri, hata Jumana hajui. Lakini nijibu haya, na usinijibu kwa mzaha.

Ganzi ilikushika mdomo mzima au upande mmoja? Mkono ulikuwa na nguvu? Kijiko kilikutoka? Ulihisi kama sisimizi wanakutembea vidoleni, kisha wakaondoka, ukadhani umejilalia? Asubuhi yake ulipoamka, maji ya kusukutua yalikaa mdomoni au yalikutoka pembeni? Na maneno je? Ulijua unachotaka kusema, na ulimi ukakataa kulileta neno?

Kama hata moja ni ndiyo, nenda hospitali. Huko kwenu hospitali zipo karibu na gari ipo mlangoni, usijifanye shujaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi wawili ndio tuliobaki kwa mama.

Na usirudi tena kwa hao Wachina.

Usinipigie kwa picha, kamera ya simu yangu imeharibika.

Mdogo wako,
Rawya


Ansab
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Bibi daktari Rawya,

Salamu nyingi kutoka kwa mgonjwa wako. Mgonjwa hajambo. Hewa imeanza kupoa, jioni tunaweza kukaa barazani bila kulaani. Humam kapata mafua, anatembea nyumbani kajifunika blanketi kama mzee wa mlimani Jabal Akhdhar. Bashayer amenifanyia biriani makusudi, akakaa mbele yangu kunitazama nikila. Nikala sahani mbili. Nifanyeje?

Majibu yako haya: mdomo mzima. Mkono una nguvu. Kijiko hakikunitoka, nilikuwa nimekishika mpaka wakati wa shahada. Sisimizi sikuwaona. Maji nilisukutua nikayatema nilipotaka. Na maneno, muulize Humam kama nilipungukiwa na neno siku ile.

Lakini wewe hayo ya sisimizi na maji umeyajuaje? Mama hakutuhadithia hata moja, hakupata muda. Umekuwa ukisoma majarida ya Jumana?

Kuhusu kurudi, nimesharudi, tena kila Alhamisi. Usinikasirikie. Mara ya pili nilikwenda ili kuwaonyesha kuwa siogopi, na mara ya tatu nilikwenda kwa sababu ya maharage mabichi. Wanayakaanga mpaka yanakunjana, wanatia nyama ya kusaga na kitunguu thomu, na ukianza hayaachiki. Wana jibini la soya, jeupe, laini, linatetemeka ndani ya mchuzi mwekundu, mtu asiye na meno anakula. Wana vitu kama sambusa zilizochemshwa, vimo ndani ya siki na pilipili. Karai la samaki nalila sasa kwa adabu: punje nazisukuma pembeni, isipokuwa moja. Hiyo moja naitafuna kwa makusudi. Ganzi inakuja, mdomo unakuwa si wako, kisha unarudishiwa. Sijui nikwambieje. Tokea marehemu mume wangu afariki, hii ndiyo saa moja ya wiki ambayo hakuna anayenitazama kwa huruma.

Beryl siku hizi akiniona mlangoni anapiga kelele jikoni, "Mum wa kibla amefika!" Na Wachina wanacheka, ingawa hawajui maana.

Ndani ya bahasha nimekufungia punje kidogo kwenye karatasi. Tafuna moja, moja tu, uone niliyoyaona. Usipige shahada, Jumana atazimia.

Dada yako asiye na ugonjwa,
Masouda


Malindi
2 Novemba 2025

Dada,

Salamu kwako, kwa Humam na Bashayer. Nisamehe kuchelewa. Mvua imeanza, paa linavuja vyumba viwili, tunahamisha ndoo. Jumana anakusalimu.

Punje zako nimezijaribu. Upande wa kushoto zilinishika kama ulivyosema, ulimi ukacheza, nikacheka peke yangu. Upande wa kulia sikuona kitu. Nadhani zimechakaa mkobani mwa Mahfoudh.

Nafurahi kuwa unakula vizuri.

Sina jengine. Mkono umechoka kwa kukamua matambara.

Rawya


Ansab
Jumamosi, 15 Novemba 2025

Rawya wangu,

Assalamu alaykum. Huku salama. Humam amepona, Bashayer hajambo, hali ya hewa sasa nzuri, watu wamejaa mabustanini. Basi, salamu zimekwisha, maana moyo wangu hauko kwenye salamu.

Barua yako nusu ukurasa. Wewe, uliyekuwa ukiniandikia mpaka pembeni mwa karatasi na juu ya bahasha! Nikajiambia, amechoka, mvua, ndoo. Lakini jambo moja limeniganda. Pilipili haichakai upande mmoja, mdogo wangu. Si kanga.

Alhamisi iliyopita nilimwambia Beryl aniletee zile punje peke yake, kwenye kisahani.

Akanitazama. "Mum, unataka kuzikula hivyo tu, bila kitu?"

"Lete, mwanangu."

Nikaweka moja shavu la kulia, nikatafuna huko huko. Ganzi ikaanza upande wa kulia, sikuwahi hata kulitaja jina la Mungu ikawa ulimi mzima na midomo yote miwili. Nikampa Bashayer aweke kushoto, yakawa yale yale. Humam akasema sisi wanawake tumerukwa na akili, kisha akaomba yake. Beryl naye akatafuna amesimama na trei mkononi, machozi yakamtoka, akasema, "Mimi mdomo yote imeenda." Hapana mtu aliyebakiwa na nusu mdomo, Rawya. Hapana hata mmoja.

Wao wakacheka. Mimi nikayasukuma maharage pembeni.

Sasa na mimi nakuuliza, na usinijibu kwa mzaha. Upande wako wa kulia ulikuwa umekufa kabla ya pilipili? Sisimizi ni wako? Maji yaliyomtoka mtu pembeni mwa mdomo ni yako? Kamera ya simu imeharibika, au kuna kitu hutaki nikione?

Nikikupigia unanijibu, "Alhamdulillahi, tu wazima," na nyuma nasikia watu wote, siwezi kukuuliza. Sauti yako juzi ilikuwa nzito, kama una tende shavuni. Niandikie ukweli. Ukiniambia mimi, sitamwambia mtu. Nakuahidi. Lakini niambie.

Silali vizuri.

Masouda


Malindi
8 Desemba 2025

Dada yangu,

Salamu. Sote wazima. Unajitia wasiwasi bure. Ulikuwa hivyo hivyo tokea utoto, nikipiga chafya ulikuwa unakwenda kuita watu. Sina kitu. Ni jino. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya jino.

Paa limezibwa. Jumana amepewa darasa jengine, afadhali kidogo. Paka wa jirani kazaa kabatini mwetu, ndani ya shuka zangu za sikukuu, na hatukuwa na moyo wa kumtoa.

Kula maharage yako, usiache kwa ajili yangu. Nimekuwa nikikufikiria ukiwa ndani ya kijumba chako chenye pazia, unawatisha Wachina. Nafurahi sana nikikufikiria hivyo. Nakutaka uendelee.

Na kama kuna siku yoyote nilikukosea, kwa neno au kwa jicho, kwa kujua au kutojua, naomba radhi yako, dada. Na mimi nimekusamehe yote.

Rawya


Ansab
Ijumaa, 19 Desemba 2025

Rawya,

Barua hii itakufika baada ya hasira. Kabla ya kunilaani, isome mpaka mwisho.

Jana Mahfoudh alitua Maskati mchana, na jioni akanifuata mkahawani kuniletea barua yako, maana anajua Alhamisi hanikuti nyumbani. Nimeisoma mezani. Jino, sawa. Paa, sawa. Paka, nikatabasamu. Kisha nikafika mwisho, na chakula kikanipoea mbele yangu.

Umenitaka radhi. Kwetu sisi, mtu hamtaki mwenzake radhi hivi hivi tu, kama anayeomba chumvi. Anakwenda hija. Au anasafiri safari ndefu. Au mwezi wa Ramadhani uko mlangoni. Hija huendi, safari huna, na Ramadhani bado miezi miwili. Imebaki sababu moja tu, na mimi naijua, kwa sababu niliomba radhi kwa sababu hiyo hiyo katika mkahawa ule ule. Ila mimi nilipiga kelele mpaka dobi akasikia. Wewe umeniandikia kimya kimya, chini ya habari ya paka.

Nilikuahidi kuwa sitamwambia mtu. Nimevunja ahadi yangu pale pale, sijanawa hata mikono. Nilichukua simu ya Humam nikampigia Jumana kwenye simu yake, nikamwambia atoke nje ya nyumba kwanza. Nikamwambia: mtazame mama yako mdomo. Mpe glasi ya maji umtazame anavyokunywa. Mwambie ainue mikono yote miwili.

Akaanza kulia. "Mama mkubwa, mie n'lidhani jino. Kanambia jino. Vikombe vinamtoka mkononi, n'kamwambia mama, unazeeka." Nikamwambia asilie, alie kesho, sasa aite gari.

Hizo ndizo habari za nilivyokusaliti. Wewe uliniandikia kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, ukanitumia mimi methali ambayo ilikuwa yako mwenyewe. Miezi mitatu umenihoji mimi niliyekula pilipili, kumbe ulikuwa unajiuliza wewe na unataka mtu mwengine akujibu. Nimekasirika, Rawya. Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi. Ungekufa na mimi nakuandikia habari za maharage!

Nimejaribu ndege. Watalii wamezijaza zote, nafasi ya kwanza ni tarehe nne Januari. Humam amezungumza na kila anayemjua, na Bashayer amekaa na simu tokea asubuhi, pengine atatokea mtu wa kughairi. Mahfoudh anarudi Unguja kesho, ndiye huyu mwenye barua. Jumana ananiambia wamekulaza na wanakupima, na kwamba hutaki kuzungumza na mimi.

Usizungumze. Lakini dawa wakikupa, meza.

Radhi sikupi. Umesikia? Ukiitaka utangoja mpaka nifike, uniombe ana kwa ana.

Masouda


Hospitalini, Unguja
26 Desemba 2025

Dada,

Mkono wa kulia hauandiki sawa, usizicheke herufi. Jumana alitaka nimsomee yeye aandike, nimekataa. Ameninunia siku mbili nzima, analeta uji, anauweka, anageuza uso. Leo asubuhi amenichana nywele, basi nadhani tumepatana.

Umenisaliti, na wewe nimekununia. Sikutaka ujue kwa pilipili. Nilitaka usijue kabisa.

Daktari anasema kiharusi kimenipitia mara tatu au nne, kidogo kidogo, mara ya kwanza Agosti. Mshipa wa shingoni umeziba zaidi ya nusu. Nilimuuliza, ningengoja mpaka baada ya Ramadhani je? Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Sasa nameza vidonge asubuhi na jioni, na wiki ya pili ya Januari wanataka kunipeleka Dar es Salaam wakauzibue. Hakuna anayeniahidi kitu.

Nitakwambia kwa nini nilinyamaza, kisha tusilirudie.

Siku aliyokufa mama, wewe ulikuwa mlangoni unapokea watu. Mimi ndiye niliyekaa upande wa uso wake. Chumba kilijaa. Wakamsomea Yasini, na Yasini ni nuru, Mungu anisamehe kwa ninalotaka kulisema. Kina bibi wakaanza kunong'ona nani ataosha, sanda iko wapi, nani apelekewe habari Pemba. Na mama alikuwa anasikia, Masouda. Kauli ilimtoka, akili haikumtoka. Jicho moja lilikuwa linatembea, likimtazama kila anayesema. Likafika kwangu, likabaki. Lilikuwa linaniomba niwatoe. Nilikuwa mdogo, sikuthubutu kuwatoa wakubwa. Tukamzika, akiwa bado hai, saa nzima kabla hajafa.

Ganzi ya kwanza iliponishika nilikuwa nafua. Sikukiogopa kifo. Nilikiogopa kile chumba. Nikajiambia, wakijua tu, watakuja wakae, waanze kunitazama vile. Ndipo ikaja barua yako, umekufa ganzi mbele za watu, umepiga kelele, na mtu kakuletea mtindi akakwambia huendi mahali popote leo. Niliisoma mara nyingi barua ile. Nilikuonea wivu.

Jana wamekuja jamaa, wamejaa mpaka ukumbini. Mmoja akatoa msahafu. Jumana akasimama, mwanangu huyu mpole, akasema, "Mama hajafa. Anayetaka kukaa, amhadithie kitu." Wakatazamana. Wawili wakaondoka. Waliobaki wamenihadithia ugomvi wa harusi moja huko Kikwajuni mpaka muuguzi akawafukuza kwa kelele.

Nimeambiwa Bashayer amepata mtu wa kughairi, na kwamba wewe unakuja Jumatatu. Njoo. Usije na sura ya msiba. Usinishike mkono ukanitazama. Ukae hapa kitandani, useme, unichoshe, unigombeze mbele ya daktari, nikijibu na neno likanikwama ulingoje, usinimalizie.

Nilikuandikia kuwa sina kitu, ni jino. Leo naandika kweli. Naogopa, dada. Usiku na mchana naogopa, na sijamwambia mtu ila wewe.

Rawya